Mawingu hayamo, jembe limo
Wiki ya tatu hii Hombolo hakuna tone. Majani ya uwele wangu yamejikunja, nami nilikuwa naamka saa tisa usiku kuchungulia mawingu. Februari ya Dodoma, jamani!

Nikamkumbuka Epictetus, aliyekuwa mtumwa Roma kabla ya kufundisha falsafa ya Wastoa: tenganisha kilicho katika uwezo wako na kisichokuwamo. Mawingu hayamo. Jembe limo. Juzi nikapalilia ekari nzima, magugu yasininyang'anye unyevu uliobaki, nikafunga na matuta ili mvua ikija maji yasikimbie.

Mama akauliza, "Mwanangu, unalima jua lote hili?"

"Ndiyo mama, hili ndilo langu."

Moyo bado unauma. Ila jana nimelala hadi jogoo akawika.