Kumbukumbu ya mradi: kasi ya risasi na msukumo wake begani

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja. Kati ya risasi tatu, .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum, ipi inampa mwindaji wa swala, kongoni na pofu kasi ya kutosha bila kumfanya aiogope bunduki yake? Zote zinarusha kichwa (kipande kinachoruka kutoka mtutuni) chenye kipenyo kilekile, milimita 7.82. Zinatofautiana ganda na baruti iliyomo. Ganda la .30-06, risasi ya mwaka 1906, lina urefu wa milimita 63, la .308, iliyotoka 1952, ni milimita 51. Ile .300 ilifuata mwaka 1963, na ganda lake lina mshipi kwenye kitako, umbo lililorithiwa kutoka .375 H&H (Holland & Holland) ya 1912.

Hali ya mradi: mahesabu yamekamilika, vipimo vya uwanjani vinafuata.

Nimechukua kichwa cha gramu 11.7 (greini 180) kwa zote tatu, bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini yake, na kasi zinazotajwa na viwanda kwa mtutu wa sentimeta 61. Msukumo unapatikana hivi: zidisha uzito wa kichwa, kwa kilo, kwa kasi yake, jumlisha uzito wa baruti mara 1,200, kwa kuwa gesi hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita hizo kwa sekunde, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki. Hiyo ndiyo kasi ya bunduki kurudi nyuma. Izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa uzito wa bunduki, gawanya kwa mbili, na jibu ni jouli. Wengi husahau baruti, na hapo hesabu inaharibika kabisa: kwenye .300, yenye baruti ya gramu 4.7 hivi, gesi peke yake inachangia zaidi ya theluthi moja ya msukumo.

.308: mita 800 kwa sekunde, jouli 23 begani
.30-06: mita 823, jouli 27
.300: mita 902, jouli 36

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Kasi imeongezeka kwa asilimia 13 hivi, lakini bega linabeba karibu asilimia 60 zaidi. Kwa mnyama aliye mita 150, kasi hiyo ya ziada haibadilishi mahali pa kulenga. Inaanza kuwa na maana mbali zaidi, umbali ambao wawindaji wengi hawapaswi kufyatua.

Madhara ya msukumo hayaonekani kwa urahisi, kwa sababu mlio na mruko wa bunduki huyaficha. Njia ya kuyafichua ni kumwachia mwenzako ajaze magazini, achanganye risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki hai (kiwashio cha baruti) katikati ya risasi halisi, bila kukwambia zipo wapi. Pini ikigonga patupu, tazama mdomo wa mtutu: kama unainama chini, bega limeshaanza kuukimbia mlipuko kabla haujatokea. Hapo hata darubini ya bei kubwa haisaidii.

Tiba ya kwanza ni uzito. Hiyo .300 ikiwekwa kwenye bunduki ya kilo 4.5 inashuka hadi jouli 29, ingawa uzito huo utaubeba kutwa nzima porini. Ya pili ni kichwa chepesi: .308 yenye kichwa cha gramu 9.7 inafika mita 860 kwa jouli 20 tu. Breki ya mdomo wa mtutu, kifaa kinachogeuza mwelekeo wa gesi, inapunguza sana msukumo, ila inarudisha kishindo kwa mpigaji na aliye pembeni yake. Bila kinga ya masikio, usiifunge. Kwa .300, darubini ikae angalau sentimeta 9 kutoka jichoni, la sivyo nyusi itapasuka.

Chaguo langu ni .308. Ile .30-06 naiheshimu kwa uwezo wake wa kubeba vichwa vizito vya gramu 14.3, vinavyomfaa pofu mkubwa. Nyati hayumo katika ulinganisho huu. Huyo ni wa .375 kwenda juu.

Hatua inayofuata ni kronografu (kipima kasi ya risasi), kwa mtutu wa sentimeta 51. Kila sentimeta 2.5 inayopungua hula mita 6 hadi 8 za kasi, kwa hiyo .308 itegemewe kati ya 768 na 776. Vihisi vya mwanga viwekwe mita 3 hadi 4 mbele ya mtutu, kwa kuwa vikisogezwa karibu zaidi, wimbi la mlipuko huvidanganya. Risasi zikae kivulini tangu asubuhi: baruti iliyopata jua hupandisha shinikizo na kasi, na kundi zima la vipimo huwa halina thamani. Kila aina ipigwe risasi 10, na pamoja na wastani iandikwe tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini. Aina moja tu ya risasi iwe mezani kwa wakati mmoja.