Sina Televisheni, Nimeletewa Bili ya Televisheni

Barua imefika leo asubuhi: euro 55.08, ada ya redio na televisheni ya umma kwa miezi 3. Chumbani kwangu kuna kitanda, meza, kabati na kompyuta ya shule. Televisheni sina, redio sina, na Kijerumani changu bado ni cha kuombea maji. Haijalishi. Huku Ujerumani kila makazi yanalipa euro 18.36 kwa mwezi, uangalie usiangalie. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu hamsini za kwetu Tanzania kila mwezi. Na tulivyopiga kelele kodi ya jengo ilipowekwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla!

Nilijiuliza jina langu wamelitoa wapi. Kumbe ukishahamia nyumba unatakiwa ukajiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki 2, na kutoka hapo taarifa zako zinawafikia wakusanyaji wa hiyo ada. Kaka mmoja Mkameruni, mwenyeji kuliko mimi, ndiye aliyenisomea barua mstari kwa mstari. Yeye anaishi na wenzake 3 kwenye nyumba yenye mlango mmoja, kwa hiyo wanalipa ada moja na kugawana, kila mtu euro 4.59. Mimi niko hosteli, mlango wangu unafungukia korido ya wote, basi chumba changu kinahesabiwa nyumba kamili. Na ada wanaihesabu tangu mwezi uliohamia, hata kama barua imechelewa.

Nimekasirika, sifichi. Na hasira yenyewe si ya hii bili peke yake. Ni ya hesabu ambayo nyumbani hakuna anayetaka kuisikia.

Wengi wanajua kwamba ili upate viza ya masomo, kama huna ufadhili wala mdhamini, lazima uweke benki euro 11,904 za mwaka mzima, zifungiwe, halafu uwe unamegewa 992 kwa mwezi. Mzee aliuza kiwanja, shangazi zangu wakachanga, ndipo hela ikatimia. Sasa ndugu wanachukua hiyo 992 wanaizidisha kwa shilingi, wanapata karibu milioni mbili na laki nane, wanasema mtoto wetu ameula. Mjomba ameshaniomba mtaji wa bodaboda. Mjomba wangu, nakuheshimu sana, lakini sikiliza: chumba 340. Bima ya afya karibu 145, na bila bima chuo hakikusajili. Simu 10. Mchango wa kila muhula chuoni, ambao si ada ya masomo, lazima niutenge kidogo kidogo. Sasa na hii ya televisheni. Kinachobaki ni mia nne na kitu, na hapo sijala, sijanunua koti wala viatu vya baridi. Duka la Waafrika kilo moja ya unga wa sembe nainunua kwa bei ambayo Morogoro unabeba kiroba cha kilo 5. Ugali umekuwa chakula cha Jumapili, siku ambayo hata ukiishiwa chumvi huwezi kuipata, maana maduka karibu yote yamefungwa.

Ila la haki nalo niliseme. Hiyo bima ninayoilalamikia, mwezi uliopita jino liliniuma usiku kucha. Nikaenda kwa daktari, nikatoa kadi, nikatibiwa, nikaondoka. Hakuna aliyeniambia nenda kwanza dirisha la malipo urudi na risiti. Nilisimama nje ya ile kliniki nikamkumbuka mama alivyosota na mgonjwa wetu, akihangaika kutafuta hela huku dawa inasubiriwa wodini. Siku hiyo sikuiona ile 145 kubwa. Na tiketi yetu ya wanafunzi inakupandisha treni za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Kwa hiyo si kwamba wanachukua tu. Wanachukua, na kuna mahali unaona kazi ya hela yako.

Lakini wewe mdogo wangu unayejaza fomu sasa hivi, usiishie kuuliza ada ya chuo. Karibu kila mtu atakwambia vyuo vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, na sehemu nyingi ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Uliza chumba. Uliza kama ni chumba cha peke yako kwenye korido au nyumba ya kushirikiana, na kama kodi ina umeme na intaneti ndani yake. Ukisema utafanya kazi, sawa, sheria inakuruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, au 280 za nusu siku, na kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa. Tatizo ni lugha. Bila Kijerumani utabaki kugombea kuosha vyombo na kupanga mizigo maghalani, na foleni ni ndefu. Anza kusoma lugha ukiwa bado kwenu, kwa hela ya madafu. Na kila barua inayoingia kwenye sanduku lako ifungue siku hiyo hiyo, maana zinakuja na tarehe ya mwisho, na ikipita wanaongeza faini.

Yangu nitailipa wiki hii. Mchango wa harusi ya binamu utasubiri mwezi ujao, na mwenyekiti wa kamati nimeshamwambia.