Riwaya za mapenzi na gemu za kuiga maisha: ninavyozipanga ndani ya saa mbili za usiku

Siku za kazi nina saa mbili tu za kupumzika, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 4, na Jumamosi nina mchana mzima. Ndani ya muda huo ninasoma riwaya za mapenzi na kucheza gemu za kuiga maisha, yaani za kulima, kuendesha lori, kujenga familia. Vitu hivi viwili vinalingana kwa jambo moja: vyote vimetengenezwa ili usiache. Sura huishia pale ambapo mlango unagongwa, na shamba la kwenye gemu kila asubuhi lina zao lililoiva. Kilichoniwezesha ni kujua urefu wa kila kimoja kwa dakika, kisha kupanga usiku kwa vipimo hivyo.

Naanza na kitabu. Riwaya fupi za mfululizo, kama zile za Mills & Boon (kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kununuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971), kwa kawaida zina maneno kama 50,000 na kurasa zisizofika 200. Ukisoma maneno 200 kwa dakika, kitabu kizima ni dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi. Kujua kasi yako ni rahisi: hesabu maneno ya mistari kumi, gawanya kwa kumi, zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa. Hayo ndiyo maneno ya ukurasa mmoja. Soma dakika kumi bila kukimbia, hesabu kurasa ulizomaliza, zizidishe kwa maneno hayo, kisha gawanya kwa kumi. Kwa Kiswahili utapata namba ndogo zaidi, na hiyo haimaanishi unasoma polepole. Neno "nitakapomwona" ni moja, lakini lina kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza. Kwa hiyo pima lugha hizi mbili kila moja peke yake.

Kipimo hicho kinasaidia zaidi kwenye robo ya mwisho. Riwaya ya mapenzi ya aina hii ina ahadi mbili kwa msomaji: mapenzi ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho unaridhisha moyo. Kabla ya mwisho huo wapenzi lazima waachane, na wengi wa waandishi huuweka mgogoro huo karibu na robo tatu ya kitabu. Ukishaingia hapo hutaweka kitabu chini, utasoma mpaka waelewane. Robo ya maneno 50,000 ni 12,500, yaani saa moja na dakika chache. Basi ninaweka alama ya penseli kwenye ukurasa ulio robo tatu ya kitabu siku ninapokianza. Nikifika kwenye alama usiku wa kazi, nasimama. Kilichobaki ni cha Jumamosi. Na katika usiku wa kawaida sisimami mwishoni mwa sura, kwa sababu hapo ndipo mwandishi ameweka ndoano. Nasimama katikati ya tukio, wakati watu wanakunywa chai au wako safarini. Kesho yake inachukua mistari miwili kukumbuka walipokuwa.

Vitabu vya karatasi nanunua mtumba. Meza za Dar es Salaam zinavyo, na Nairobi viko kando ya barabara kwenye zile zinazoitwa inama, kwa kuwa unainama kuchagua. Kabla ya kulipa, fungua nyuma kwanza. Karatasi ya mwisho ndiyo inayopotea mara nyingi, na riwaya ya mapenzi bila ukurasa wa mwisho ni hasara tupu. Kisha pitisha kidole kwenye uti wa kitabu: gundi ikiwa imekauka na kupasuka, kurasa za katikati zitatoka wiki hiyohiyo. Hizo zinatengenezeka kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba na kuachwa usiku mzima chini ya kitu kizito, ila usipake nyingi kwa sababu itapenya na kugandisha kurasa pamoja.

Simulizi za Kiswahili zinazouzwa kwa WhatsApp zina utaratibu wake. Mwandishi hutoa sehemu za kwanza bure, kisha anayetaka zilizobaki hutuma pesa kwa M-Pesa. Kabla ya kutuma, uliza mambo matatu: simulizi ina sehemu ngapi, imekamilika au inaendelea, na atakutumia faili moja au sehemu mojamoja. Mimi hununua iliyokamilika tu, maana inayoendelea inaweza kukatika katikati na hakuna wa kumlaumu. Zikija mojamoja, zinakili siku hiyohiyo kwenye hati moja kwa mpangilio wa namba, kwa sababu ujumbe ukifutwa au simu ikibadilishwa utabaki na sehemu ya 14 bila ya 13. Faili la epub (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki) lisilo na picha ni dogo sana, haliwezi kumaliza bando, na herufi zake hukuzwa bila mstari kukatika. PDF kwenye simu inachosha, unavuta ukurasa kushoto na kulia. Na usimsambazie rafiki yako faili ulilonunua, mtumie namba ya mwandishi. Watu hawa wanaishi kwa sehemu hizo.

Sasa gemu. Ninayoipenda kuliko zote ni Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016 kwa kompyuta na baadaye kwa simu. Haina Kiswahili, lakini Kiingereza chake ni chepesi. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2 inaibeba, na haihitaji intaneti ukishaipakua. Siku yake huanza saa 12 asubuhi na kukatika saa 8 usiku, na kila dakika 10 za humo ni kama sekunde 7 za kwetu. Kwa hiyo siku nzima ni dakika 14 na kidogo. Lakini ukicheza peke yako saa ya gemu husimama kila unapofungua begi au duka, hivyo kwa uhalisi hesabu dakika 16 hadi 18. Siku tatu zinakaa ndani ya dakika 50. Hicho ndicho kipimo changu cha usiku mmoja.

Gemu huhifadhi unapolala. Umeme ukikatika mchana wa gemu, siku hiyo imepotea. Toleo la simu lina hifadhi ya dharura unapotoka, ila siitegemei betri ikiwa chini. Lala kabla ya saa 6 usiku ya humo, kwani ukichelewa utaamka na nguvu pungufu, na ukianguka saa 8 kabla ya kufika kitandani unapoteza pia sehemu ya pesa. Hatari nyingine iko asubuhi: ukishalala, gemu inakuonyesha barua mpya na mazao yaliyoiva, na hapo mkono unaendelea wenyewe. Kabla sijalala siku ya tatu ninaandika kwenye karatasi kazi tatu za kesho, kwa mfano "mwagilia, peleka zawadi, nunua mbegu". Nikishaamka naona gemu imehifadhi, natoka papo hapo. Bila karatasi hiyo, siku ya kwanza ya usiku unaofuata huishia kwenye kuzungukazunguka ukijiuliza ulikuwa unafanya nini.

Msomaji wa mapenzi atafurahi humo kwa sababu kuna watu 12 unaoweza kuwachumbia na kuwaoa, na uchumba wao unahesabika. Ukaribu wako na mtu hupimwa kwa mioyo, na kila moyo ni pointi 250. Kuongea na mtu mara moja kwa siku ni pointi 20. Zawadi anayoipenda sana ni 80, anayoipenda kiasi ni 45, anayoichukia inakata 40. Unaruhusiwa zawadi mbili kwa wiki, na wiki inaanza Jumapili. Piga hesabu: mazungumzo ya siku saba ni 140, zawadi mbili nzuri ni 160, jumla 300 kwa wiki. Mioyo minane ni pointi 2,000, yaani siku kama 47. Ukileta zawadi bila kuongea naye siku zote, muda unakaribia kuongezeka mara mbili. Yaani salamu ya kila siku, ambayo ni bure, ina uzito karibu sawa na zawadi. Siku ya kuzaliwa zawadi huzidishwa mara 8, kwa hiyo iandike tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Chagua mtu ambaye zawadi yake unaweza kuimudu. Shane anapenda pilipili: mbegu ni g 40 (g ni dhahabu, pesa ya humo), mmea unaanza kuzaa baada ya siku 5 na kurudia kila siku 3 kiangazi chote, na jioni utamkuta baa. Harvey, daktari, anapenda kahawa, na baa inaiuza g 300. Penny anapenda tikiti, la siku 12 shambani. Elliott anapenda komamanga, lakini mche wake ni g 6,000, kwa hiyo yeye si wa mwaka wa kwanza ila kwa mwenye bahati ya kuyaokota kwenye pango la popo. Ninamtaja kwa sababu ni mwandishi anayeishi kibandani ufukweni. Kwenye mioyo miwili anakuuliza unapenda vitabu vya aina gani. Ukimjibu mapenzi, riwaya anayowasomea watu maktabani baadaye inakuwa ya mapenzi.

Mioyo minane ikijaa, duka la Pierre linakuuzia shada la maua kwa g 200. Mpe, ongeza mioyo miwili, kama siku 12 hivi. Kisha unahitaji kidani cha kuposa cha g 5,000, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Anayekiuza ni baharia mzee anayetokea ufukweni siku za mvua tu, mpaka saa 1 usiku, ng'ambo ya daraja bovu linalotengenezwa kwa mbao 300. Nyumba yako pia iwe imepanuliwa mara moja: g 10,000 na mbao 450. Majira ya baridi hayana mvua, ni theluji. Kila majira ya humo ni siku 28, kwa hiyo ukianza uchumba siku ya kwanza ya kiangazi, siku ya 59 inaangukia tarehe 3 ya baridi, na utasubiri majira yote hayo mpaka mvua ya majira ya kuchipua. Anza tangu siku za mwanzo za kuchipua, na umwagiliaji usikule asubuhi yote: tengeneza vinyunyizio mara tu ukifika ngazi ya 2 ya kilimo. Cha kwanza kinamwagilia mimea 4 tu, cha ngazi ya 6 kinamwagilia 8, na hapo ndipo unapata muda wa kutembelea watu.

Usiku ambao macho yamechoka naweka kitabu pembeni na kusikiliza simulizi ya sauti huku naendesha lori kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu ya kampuni ya Kicheki ya SCS Software ya mwaka 2012. Barabarani dakika moja ya kwetu ni dakika 19 za humo, na dereva anatakiwa kulala baada ya saa 11 za kuendesha. Hiyo ni kama dakika 35, inatosha sehemu kadhaa za simulizi. Zima redio ya gemu, punguza sauti ya injini mpaka robo, na chagua safari ndefu ya barabara kuu. Mjini saa inakwenda polepole, makutano ni mengi, na utapitwa na maneno ya muhimu ukiwa unarudi nyuma kuegesha tela.

The Sims 4 naiacha kwa Jumamosi. Tangu Oktoba 2022 gemu ya msingi ni bure, lakini ni zaidi ya GB 20 na masasisho yake ni mazito, hivyo nayapakua kwa bando la usiku. Kwa mwendo wa kawaida siku moja ya humo ni dakika 24. Hifadhi mwenyewe kabla ya kila tukio kubwa, harusi hasa, usisubiri ijihifadhi.

Mpangilio wa usiku basi ni huu: gemu kwanza, siku tatu au safari moja ya lori, halafu kitabu cha karatasi hadi saa 4. Nikigeuza, kioo chenye mwanga kinakuwa kitu cha mwisho na usingizi unachelewa. Kengele ya simu naitega ilie mwisho wa gemu, siyo mwisho wa kitabu, na simu yenyewe inakaa upande wa pili wa chumba.

Mara moja kwa mwezi nanakili mashamba yangu. Kwenye Windows yako ndani ya AppData, Roaming, StardewValley, kisha Saves, na kila shamba lina folda yenye jina la mkulima na namba. Nakili folda nzima, siyo faili moja la ndani. Fanya hivyo pia kabla ya kusasisha gemu, kwa sababu shamba likishafunguliwa na toleo jipya, la zamani huenda lisilifungue tena. Hilo liliwapata waliotaka kuhamisha mashamba ya toleo la 1.6 kutoka kompyuta kwenda simu mwaka 2024, kabla simu hazijalipata mwezi Novemba.