Bahasha ya papa wa Birere

Mfuko wetu wa mtaa, pale Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo, ulizaliwa ndani ya likirimba ya akina mama, yaani mchango wa kupeana pesa kwa zamu. Kando ya zamu zao walikuwa na kisanduku kidogo cha ugonjwa na matanga. Siku tulipoamua kisanduku hicho kiwe cha mtaa mzima, nikachaguliwa kukiongoza. Kanuni tulizoandika zilikuwa chache. Moja ilisema: anayesaidiwa haulizwi kabila.

Mtu wa Goma anajua kwa nini tuliiandika. Kila jamii ina mutualite yake, yaani chama cha kusaidiana cha watu wa kabila moja, na mutualite hizo zinazika watu, zinalipa hospitali, zinasomesha watoto. Ninaziheshimu. Lakini mpangaji asiye na ndugu mjini, au mjane aliyeolewa nje ya kabila lake, anabaki akizunguka na karatasi ya hospitali mkononi, na jirani anayekutana naye kwenye robine, bomba la maji, kila asubuhi hajui ampeleke wapi.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ikalipuka. Lava ilishuka usiku hadi Buhene, kaskazini mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa mingi ihame, yetu ikiwemo; tukamiminika Sake, Minova, Bukavu, wengine Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Tuliporudi mwezi wa sita maji yalikuwa yamekatika, kwa sababu lava iliharibu tangi na mabomba. Akina mama walishuka ziwani na bidoni, na nyumba za Majengo zilijaa wageni wa Buhene.

Jumapili moja baada ya ibada tukakutana uani kwa mwenzetu. Akaja papa mmoja, yaani mzee, mwenye duka Birere, na bahasha ya dola 500. Watu wakapiga makofi kabla hajaketi. Kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Hii ni ya watu wetu wa Buhene. Majina nimeandika."

Kila mtu pale alielewa "watu wetu" ni nani. Nikasimama.

"Papa, tunakushukuru sana. Ila majina tunayatafuta wenyewe, nyumba kwa nyumba. Hawa wako, kama walipoteza nyumba, tutawakuta humo humo. Karatasi hii hatutaipokea."

Mtunza hazina akanivuta mkono: zile dola zilizidi kila kitu tulichokusanya tangu kurudi. Kijana mmoja akafoka, "Mashirika ya wazungu yanaleta masharti kila siku na tunapokea. Huyu ni mtoto wa Goma, mnamkatalia!"

Swali lake lilikuwa la haki, na nilimjibu ninavyoamini mpaka leo. Sharti la mgeni huondoka na mradi wake. Sharti hili lingebaki kwetu, kati ya mlango na mlango, hata pesa zikiisha.

Papa akachukua bahasha yake, akaaga kwa heshima, akaenda. Baadaye nilisikia aliipeleka kwenye mutualite yao, nami nikafurahi, maana watu walisaidiwa. Lakini uani pale hasira ilikuwa kubwa, na wengine walianza kuinuka.

Ndipo mama mmoja aliyehifadhiwa avenyu ya nyuma akauliza kitabu cha wachangiaji kiko wapi. Alikuwa na faranga 1,000. Mtunza hazina akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ni wa kusaidiwa."

"Iliyoungua ni nyumba," akasema. "Kwenye likirimba yangu ya Buhene sikukosa zamu hata moja. Niandikeni."

Akaandikwa. Waliokuwa wameinuka wakarudi, wakajipanga nyuma yake. Hatukufika dola 500, wala hatukukaribia. Tulipata ya kununua maji ya lori kwa wageni na wenyeji wao pamoja, na manjanja, yaani mabati, kwa familia chache zilizokuwa tayari kujenga.

Yule kijana aliyefoka tulimpa avenyu mbili azungukie. Alizipita kwa makini kuliko sisi wakubwa. Wa kwanza kwenye karatasi yake walikuwa wapangaji ambao hakuna mutualite iliyowaandika. Walikuwemo pia wawili wa orodha ya papa, nao wakapata manjanja sawa na wengine.