Boti ya Kwenda Amaan: Mkono wa Tambwe, Goli la Aziz Ki na VAR

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 Simba tulikuwa na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, marudiano, na mechi yenyewe haikuwa kwa Mkapa, Dar, ilikuwa uwanja wa Amaan, Zanzibar. CAF, wakubwa wa soka la Afrika, walishasema pichi ya Mkapa haifai, mvua zimeiharibu, basi uwanja wa watu 60,000 tukauacha tukaenda kubanana kwenye wa watu 15,000 hivi, tena tukiwa nyuma 2-0 za kule Morocco. Binamu yangu wa Mwanakwerekwe akanitafutia tiketi. Mke wangu nikamwambia naenda kusalimia ndugu, akacheka tu, maana jezi nyekundu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba tangu Ijumaa.

Bandarini pale Posta foleni ilikuwa imefika nje, vuvuzela saa 12 asubuhi, watu hawajanywa hata chai. Katikati ya wekundu wote ule akapita jamaa mmoja kavaa jezi ya Yanga, begi mgongoni, hana wasiwasi kabisa. Wakaanza kumzomea, "Utopolo huyo! We unaenda wapi?" Akajibu bila kugeuka, "Naenda kuwasaidia Waarabu kubeba kombe, makolo nyie hamna mazoezi ya kubeba." Hata polisi wa getini alicheka.

Sasa bahati yangu, ndani ya boti nikakaa siti moja na huyo huyo. Upande wa pili mzee mmoja wa kofia nyekundu, mtu wa Kariakoo, nyuma yetu mama mmoja wa Temeke na kikapu chake cha vitumbua. Boti haijatoka hata kwenye mlango wa bahari pale Magogoni mzee kashaanza.

"Goli 2 siyo kitu. Nyie watoto hamjui Mufulira."

Akaambiwa hebu tueleze mzee wetu, na mzee hakuhitaji kuombwa mara mbili. 1979, Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers wa Zambia wanakuja Dar wanatupiga 4-0 nyumbani. Nne. Mzee anasema siku ile alirudi kwa miguu kutoka uwanjani mpaka Kariakoo na hakuna aliyemsemesha mwenzie njiani. Marudiano Lusaka, watu redio wamefungua kwa mazoea tu, Simba ikashinda 5-0 ugenini. Thuwein Ally kapiga hat-trick. "Kwa hiyo Berkane na vigoli vyao 2 wakae kimya," mzee akamaliza, watu wakapiga makofi boti nzima, mi mwenyewe nikaanza kuamini.

Yule wa Yanga akasubiri makofi yaishe. "Mzee shikamoo yako, lakini hiyo 93 mbona hujaisema?"

Kimya. 1993 ndiyo fainali yetu ya kwanza ya Afrika, Kombe la CAF, tumetoka 0-0 Abidjan na Stella ya Ivory Coast, tukaja kulala 2-0 hapa hapa Dar mbele ya Rais Mwinyi. Boli Zozo kafunga zote mbili. Mtu wa Simba wa umri ule ukimtajia Boli Zozo ni kama umemkanyaga kidole chenye jeraha. Mzee akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Siku ile hata refa..." akaanza, halafu akaacha.

Na neno refa likishatajwa ndiyo basi tena.

Mama wa Temeke akasogea mbele kabisa akashika viti vyetu viwili. "Tuongelee marefa? Tuanze na 1 Oktoba 2016." Mimi nilijua tu. Ile mechi Simba na Yanga, Amissi Tambwe mpira umemjia akautuliza kwa mkono, mkono kabisa, akafunga, refa kaweka kati. Wachezaji wetu wakamzonga refa, Jonas Mkude akala nyekundu. Viti vya Taifa, huo huo wa Mkapa, viling'olewa siku ile vikaruka kama popo, na mama anasema kimoja kilipita juu ya kichwa chake, akatuonyesha kwa kiganja urefu wenyewe, sentimita chache tu juu ya mtandio. Kilichouma zaidi ni kwamba Tambwe alikuwa wetu kabla ya kwenda kule, tulimlea sisi. Kichuya akaja kusawazisha dakika za mwisho kwa kona iliyoingia moja kwa moja, 1-1, na baadae ile kadi ya Mkude ikafutwa, lakini goli halikufutwa. Serikali ikazifungia timu zote mbili kutumia uwanja kwa ajili ya viti.

"Lile lilikuwa bega," akasema jamaa wa Yanga.

Weeee! Boti ilichafuka. Mama akasimama akaigiza, kikapu mkononi, boti inayumba, "bega liko hapa, mkono uko hapa, we shule ulienda kweli?" Jamaa akawa anacheka tu mpaka machozi. Halafu kelele zilipopungua kidogo akatoa la kwake. "Haya, Januari 2020, 2-2 ile. Penati ya Kagere wenu. Yondani wetu kamgusa ndani au nje ya kumi na nane?"

Mzee akaangalia dirishani. "Ile sikuiona vizuri, jua lilikuwa linanipiga."

Mama naye ghafla akakumbuka vitumbua vyake. Mimi nilikuwepo uwanjani siku ile na niliishangilia ile penati mpaka sauti ikakauka, na ikija leo nitaishangilia tena, mstari uwe ulipo. Shabiki haendi uwanjani kupima. Ila nilichoona ni kwamba hawa watu wanakumbuka kila kitu, dakika, jezi, nani alipiga pasi, mpaka hali ya hewa, isipokuwa siku walizobebwa na refa. Siku za mbeleko jua huwa linampiga kila mtu machoni.

Ndipo mzee akaja na hoja ambayo kila mtu wa Simba anaisema, kwamba VAR, ile video ya kumsaidia refa, ingekuwepo 2016 Tambwe angeumbuka mchana kweupe, refa angeitwa pembeni kwenye tivii yake angeona mkono, basi, biashara imeisha, na viti vyetu tungekuwa navyo. "VAR haina Usimba wala Uyanga," akasema.

Sijui kama alijua anaingia mtegoni. Jamaa wa Yanga akatoa simu, kioo kimepasuka kutoka kona moja mpaka nyingine, akafungua klipu ambayo ni wazi anaifungua kila siku maana hakuitafuta hata. Pretoria, Loftus Versfeld, 5 Aprili 2024, robo fainali ya Klabu Bingwa, Yanga na Mamelodi Sundowns. Dar walitoka 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki wa Yanga anaachia shuti la mbali, linagonga mwamba kwa chini, linadunda, linarudi uwanjani. Refa kasema twende. VAR ipo, imeangalia, goli hamna. Mechi ikaisha 0-0 tena, penati, Sundowns 3-2, Yanga nje.

Jamaa akaisimamisha picha pale mpira unapodunda, akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa vigae vya kijani na vyeupe tu. "Mzee huu mstari. Huu mpira. Kati yake hii ni nini kama siyo nyasi?"

Mzee akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu. Tatizo ni kwamba ufa wa kioo cha simu ulipita pale pale kwenye mstari, kwa hiyo kila mtu alikuwa anaona mstari wake. Mama akasema umevuka nusu. Dogo mmoja wa siti ya mbele akasema nusu haihesabiwi, lazima uvuke wote. Bahari nayo tulikuwa tumeshatoka nje, kusi linavuma, boti inapanda na kushuka, kuna jamaa hapo pembeni kashika mfuko wa kutapikia tangu dakika ya 20, uso umemwiva, akanyanyua kichwa akaomba simu, akaangalia sekunde mbili, akasema "haijavuka," akarudi kwenye mfuko wake.

"Umesikia?" mzee akasema. "Hata mgonjwa kaona. Haijavuka. Halafu penati mlikosa wenyewe, VAR ndiyo ilizipiga?"

"Na nyie usiku ule ule mlikuwa Cairo mnakula 2 za Al Ahly, mbona hamuongei?"

Ya dabi ya tarehe 8 Machi nayo iligusiwa, ile Simba tuliyozuiwa kufanya mazoezi usiku kwa Mkapa tukasema hatuchezi, ikaahirishwa, na mpaka siku ile tuko baharini ilikuwa bado haijachezwa, Yanga wanadai pointi zao 3 za mezani. Mzee akawakumbusha 8 Mei 2021, muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku, Yanga wakaja saa 11 yao wakaondoka zao. Hapo hakuna mtu alikuwa na cha kumwambia mwenzie, tukala vitumbua vya mama, mtani wetu wa Yanga naye akapewa kimoja.

Chumbe ikaonekana na mnara wake, watu wakaanza kusimama. Bandarini Malindi ni nyekundu tupu, daladala zinaita "Amaan Amaan Amaan" mpaka ambazo haziendi Amaan.

Mechi yenyewe mnaijua. Haijafika dakika ya 20 Mutale kaweka kambani, nikamkumbatia mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani. 1-0, bado moja tu tusawazishe jumla. Nikamfikiria mzee na Mufulira yake. Kipindi cha pili kimeanza tu, Kagoma nyekundu, tuko 10. Tukaendelea kusukuma hivyo hivyo. Halafu Mukwala akafunga. Uwanja ule ulitikisika, sisemi kwa kuongeza chumvi, kibao tulichokaa kilikuwa kinacheza. Kisha ukaona refa kashika sikio. Watu wa mbele wakanyamaza kwanza, halafu wa kati, halafu sisi. VAR inaangalia. Mle uwanjani huoni marudio yoyote ya maana, unaangalia sura ya refa tu, na binamu yangu akawa anasema "ofsaidi hamna, ofsaidi hamna" kama anasoma uradi. Goli likafutwa, ofsaidi. Dakika za nyongeza Sidibe wa Berkane akasawazisha, 1-1, jumla 3-1, Berkane wakabeba.

Usiku binamu akanipeleka Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, wanapokaa wazee na vijana kunywa kahawa kwenye vibaraza. Nilitaka kulala lakini akasema ukilala na hili litakuua. Pale kesi ilikuwa inaendelea, Mukwala alikuwa ofsaidi au hakuwa, wengine wanasema goti, wengine kisigino, mmoja kapanga vikombe vya kahawa chini, hiki beki wa mwisho, hiki Mukwala, na muuza kahawa akawa anavidai vikombe vyake watu wamenunua hawana pa kunywea. Babu mmoja akasema, "Yakhe, mstari ule kauchora nani? Beki anakimbia, Mukwala anakimbia, mpira hatujui umetoka mguuni saa ngapi, halafu mtu kakaa ndani ya chumba akakwambia ofsaidi. Miye siukatai, lakini na anioneshe."

Huyo babu ndiye aliyetupoza sisi wa bara. Akasema nyie mnakuja Unguja kulia kila mara, 1975 Yanga waliwafunga Simba 2-0 fainali ya Afrika Mashariki na Kati hapa hapa, wafungaji Sembuli na Manara, 1992 mkarudi tena fainali ile ile hapa, 1-1, Simba wakashinda kwa penati, wa Yanga wakalia wao. "Sisi na timu yetu ya Malindi tulifika nusu fainali ya Kombe la CAF 1995, nani anatukumbuka? Angalau nyie mnagombaniwa." Akaagiza kahawa za watu wote.

Jumatatu asubuhi kwenye boti ya kurudi nani nakutana naye? Jamaa wa Yanga, jezi ile ile, kachangamka vibaya, kaninunulia na chungwa. Na mzee wa kofia siti ya mbele yetu, hasemi.

"Mzee wangu pole," jamaa akaanza. "Ila haki imetendeka. VAR haina Usimba wala Uyanga."

"VAR ni wezi," mzee akasema bila kugeuka.

"Teknolojia mzee, inapima kwa sentimita."

"Sentimita gani? Mtu kakaa chumbani anachora mistari anavyotaka yeye! Mpira wa Afrika tunaibiwa mchana kweupe halafu nyie vijana mnashangilia mashine." Akageuka sasa, kofia upande. Akasema siku hizi hata kushangilia goli unashangilia nusu, nusu nyingine unamwachia mtu wa tivii. Jamaa akawa anamtetea VAR kwa nguvu zote, mtu aliyenionyesha Loftus jana yake huku karibu alie, leo anasema maamuzi ya VAR yaheshimiwe, mchezo ni sheria.

Waliendelea hivyo mpaka Dar inaonekana. Abiria wanajipanga mlangoni, mzee akamshika jamaa mkono akamvuta pembeni.

"Ile klipu ya Aziz Ki nitumie. Kuna mtu pale mtaani anaitetea sana hii VAR, nataka nimuonyeshe."

"Mzee, si jana ulisema haijavuka?"

"Nitumie kwanza," mzee akasema, akatoa simu yake ya vibonyezo. "Ah, hii haipokei. Tuma kwa huyu," akaninyooshea mimi kidole.