Nilivyotapeliwa tiketi Long Beach, mzee mmoja akaniokoa

Los Angeles nilifikia kwa dada yangu, huko sina cha kusimulia, ila Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 nilienda Long Beach kuangalia fainali ya mpira wa wavu wanaume wa vyuo vya Marekani, UCLA na Long Beach State, na jamani nilipigwa mchana kweupe. Nafika tiketi zimeisha, kijana nje ananiambia anayo moja, dola 90. Tisini! Nikipiga kwa shilingi roho inauma, lakini nimetoka mbali, nikatoa. Mlangoni wanaiskani, mashine inagoma, eti kuna mtu kashaingia na hiyo tiketi. Kugeuka, kijana hayupo.

Nikabaki nimesimama pale nje ya ukumbi (unaitwa Walter Pyramid na ni piramidi kweli, la bluu, unaliona toka mbali) mpaka mzee mmoja kavaa nyeusi na njano akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema mjukuu wake anaumwa homa, tiketi yake ipo, twende. Nikataka kumlipa akakataa katakata, akaomba nimnunulie maji tu, na kachupa kenyewe ka maji dola 5.

Sasa huyo mzee ndo safari yenyewe. Mechi haijaanza ananionyesha benchi la UCLA, yule pale John Speraw, ndo kocha wa timu ya taifa pia, majira haya ya joto anaipeleka Olimpiki ya Paris. Halafu ananionyesha benchi la kwao Long Beach State, yule Alan Knipe, timu ya taifa alikuwa nayo yeye mpaka Olimpiki ya London 2012, Speraw akampokea. Nilishtuka. Yaani mechi ya wanafunzi, huku kocha wa taifa, kule aliyemtangulia! Akaniambia na timu ya taifa inafanya mazoezi Anaheim, hapo hapo jirani. Na usidhani kuna hela nyingi, sheria ilikuwa inaruhusu ufadhili kamili nne na nusu tu kwa timu nzima, wachezaji wanagawana vipande vipande, wengine wanajilipia ada. Wakimaliza chuo wanaenda kutafuta riziki Italia na Poland.

UCLA walishinda seti 3-1, ubingwa wao wa 21. Mzee alinyong'onyea kidogo kisha akasimama akawapigia makofi wote. Kurudi, mabasi yalikuwa ya kusubiri mno, teksi ikanikamua tena.

Agosti niko Dar naangalia Paris, Marekani wanaifunga Italia 3-0 wanachukua shaba, na ndani yupo TJ DeFalco aliyesoma Long Beach State, yupo David Smith ambaye ana tatizo la kusikia tangu utotoni na Speraw alimfundisha chuo cha UC Irvine wakabeba ubingwa 2007. Nikamtumia mzee meseji ya pongezi. Akajibu palepale, akaniuliza na kwenu vyuo vinacheza lini. Nikamwandikia ukweli, kwamba UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inatuonyesha vijana wanaoruka hadi unashika kichwa, baada ya hapo mwenye bahati anachukuliwa na timu za majeshi, na anayeenda chuo anakutana na bonanza na mashindano ya siku chache, ligi ya nyumbani na ugenini hana, na kocha wa taifa hana pa kukaa akamwangalia.