Kitanda Ambacho Hatukukitengeneza

Julai 2017 nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya biashara, na kama wenzangu wote nilitakiwa kwenda fildi kwa wiki nane. Niliandika barua kwenye benki tatu na kampuni moja ya bima, sikujibiwa hata na moja. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka Keko, kwa fundi seremala aliyewahi kumtengenezea milango. Mzee huyo alikuwa na vijana watano, mashine moja ya kuranda, na kibanda cha mabati ambamo daftari la hesabu lilikaa juu ya kopo la vanishi.

"Marahaba. Biashara ndiyo unasoma?" aliniuliza. "Basi nitafutie wateja, binti yangu."

Moyo ulitulia, maana nilijua pa kuanzia. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa imeshaanza kuuziana kila kitu Instagram: vitenge, mawigi, keki, viwanja vya Kigamboni. Ukurasa wangu mwenyewe ulikuwa na wafuasi elfu tatu na ushei, na hosteli mimi ndiye niliyeulizwa picha ipi ipandishwe na ipi iachwe. Siku ya pili nikafungua ukurasa wa karakana, nikaupa jina la mzee. Yeye alikuwa na kitochi. Nilimwambia kwamba sasa yupo mtandaoni, akasema vizuri, akarudi kwenye patasi yake.

Tatizo likawa picha. Ndani ya karakana kulikuwa na giza, maranda yalifika vifundoni, na kila nilichopiga kilitoka na rangi ya vumbi. Nikafanya nilichowaona wengi wakifanya: nikaokota picha mtandaoni. Vitanda vya nje, vyenye kichwa kirefu kilichofunikwa velveti na kushonwa vifungo, taa mbili pembeni, zulia jeupe. Chini yake nikaandika: "Samani za kisasa, ubora wa kimataifa. Bei njoo inboksi."

Wiki ya tatu akaja inboksi mama mmoja wa Tegeta. Alitaka kitanda kile cha pichani, sita kwa sita, cha binti yake aliyekuwa anaolewa. Nikamtajia bei, akatuma kianzio cha laki mbili kwa M-Pesa. Nilikwenda kwa mzee nikiwa nimeshika namba ya muamala kama cheti. Nikamwambia, "Sita kwa sita, baba, kichwa kiwe kirefu." Picha sikumwonyesha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalolipata ni kwamba sikuona kama ukurasa ule ulimhusu. Niliuona ni wangu.

Mzee alitengeneza kitanda cha mninga. Nilimwangalia kwa siku tisa akichagua mbao, akizigeuza apate mistari inayokwenda upande mmoja, akipiga msasa kwa mkono kwenye kona ambazo mashine haifiki. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kikitoka pale.

Mama alifika siku ya Jumatano na kirikuu cha kukodi, godoro likiwa tayari nyuma. Nikamwamkia, akaitikia akitabasamu. Kisha akasimama mbele ya kitanda, akatoa simu, akaangalia simu, akaangalia kitanda.

"Hiki ndicho?"

Akampa mzee simu. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea, akaitazama kwa muda mrefu. "Hii si kazi yangu, mama," akasema. "Kitu hiki sijawahi kukitengeneza."

"Lakini jina ni lako."

Sikuwa na pa kuweka uso. Mama hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba send-off ni Jumamosi, na kwamba ameshawaonyesha ndugu wote ile picha. Mzee akaingia kibandani, akatoka na laki mbili zake, akaongeza na nauli ya kirikuu ya kwenda na kurudi. Kitanda kikabaki kimeegemea ukuta.

Nilitegemea kufukuzwa. Mzee alivuta kigoda, akawaita vijana wake, akaniambia, "Nionyeshe huko ndani nasemaje."

Nikamsomea kwa sauti. Post moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza. "Ubora wa kimataifa." Akauliza, ubora wa nani? "Tunafikisha popote ulipo." Akauliza, kwa gari gani? Alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza mbao imekatwa futi ngapi, na kila swali nilikosa jibu. Kufikia ya kumi nilikuwa nalia. Nilikuwa nimemsemea mtu mzima maneno mbele ya watu, kwa jina lake, wiki tatu mfululizo, naye hakujua.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 tulikuwa tumeijadili hosteli hadi usiku wa manane, hasa kifungu cha taarifa za uongo, tukiamini ni habari ya wanasiasa na waandishi. Haikunijia hata mara moja kwamba picha ya kitanda nayo ni taarifa.

Kesho yake asubuhi tulikitoa kitanda nje kabla jua halijawa kali, tukakilaza mbele ya geti. Februari ya mwaka ule Instagram ilikuwa imeanza kuruhusu picha hadi kumi kwenye post moja, nikatumia sita: kizima, kona, maungio, mistari ya mninga kwa karibu, futi ikiwa juu ya ubao, na mkono wa mzee. Maneno alitamka yeye, nikaandika kama alivyosema: kitanda cha mninga, sita kwa sita, hakina velveti, bei laki sita na nusu, usafiri ni juu ya mnunuzi, tupo Keko, njoo ukione. Wenzangu walinionya kwamba bei haiwekwi hadharani. Mzee alisema sokoni mtu akificha bei anamhofia nani? Waliopenda walikuwa kumi na tatu. Waliopiga simu kabla ya adhuhuri walikuwa wawili.

Msimamizi kutoka chuoni alipokuja, alikagua kitabu changu cha fildi, akaniuliza kuhusu daftari la mauzo na stoo. Ukurasa hakuuliza, nami sikuutaja. Miaka miwili baadaye, 2019, kwenye usaili wa nafasi ya ofisa masoko, hawakutaka kujua nina wafuasi wangapi. Waliniwekea mezani malalamiko ya mteja yaliyoandikwa hadharani, wakanipa dakika kumi nijibu kwa niaba ya kampuni. Niliandika mistari minne: kosa ni letu, hiki ndicho kilichotokea, tutafanya hivi, namba ya kupiga ni hii. Nilipoiandika nilikuwa ninaiona ile laki mbili ikitoka kibandani.

Ndiyo maana wanafunzi wanaponiuliza habari za fildi huwa nawasihi waombe kushika ukurasa wa mtu mwenye kazi ya kweli, na wakae karibu na anayeifanya. Wajifunze kupiga picha ya kitu chenye vumbi, kusoma takwimu za ukurasa, kuandika vipimo bila kukosea, kumjibu mwenye hasira mbele ya watu. Hayo yana ufundi kama randa ilivyo na ufundi, na ninaamini kabisa vyuo vyetu vingeweza kuyafundisha kwa vitendo, akiwepo mtu wa kusimama nyuma yako akuulize: ubora wa nani?

Kitanda kilikaa siku kumi na moja. Aliyekuja alikuwa mwalimu wa kike kutoka Mbagala, na mdogo wake wa kumsaidia kubeba. Alifungua simu, akaisogeza karibu na ubao, akatafuta ule mstari wa mninga unaopinda karibu na kona ya kushoto. Akaupata. Akaupitisha kidole.

"Ndicho," akamwambia mdogo wake. "Shika huko."